Je, pesa zilibadilisha maisha? Mwongozo wa kupima mpango wa msaada wa pesa kijijini

Magharibi mwa Kenya ni mojawapo ya sehemu za dunia ambako msaada wa pesa taslimu umechunguzwa kwa kina zaidi. Vijiji vya Rarieda, Ugunja, Ukwala na Alego vimeorodheshwa, vikapigiwa kura ya bahati (si ya uchaguzi), vikahojiwa na kuhojiwa tena. Hata hivyo, ukiketi na kamati ya shirika dogo la Kisumu au Busia ambalo limemaliza kugawa pesa, swali la kwanza mezani huwa ni lilelile: “Walizitumiaje?”

Swali hilo linamgeuza mpokeaji kuwa mshtakiwa, aonyeshe risiti na ajitetee. Tena halijibu chochote. Mama akinunua mabati, hujui kama angeyanunua hata bila msaada, zamu yake ya chama cha kuchangiana ikifika. Asiponunua kitu cha kuonekana, hujui kama pesa hizo ndizo zilizomwezesha kulipa karo ya Januari bila kuuza ng'ombe. Swali lenye maana ni hili: maisha ya watu hawa yangekuwaje kama pesa hazingekuja? Mwongozo huu ni wa kulijibu. Nimewaandikia wenye vikundi vya kijamii, maafisa wa ustawi wa jamii, mashirika madogo na wanafunzi wanaotaka kufanya tathmini ya kweli bila bajeti ya chuo kikuu cha ng'ambo.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa

Tathmini inayoanza baada ya pesa kuisha haina pa kusimama. Keti na wenzako mapema, mwandike kwa lugha ya kawaida: tunatoa kiasi gani, kwa nani, kwa mpangilio upi, na tunatarajia nini kibadilike baada ya muda gani. Chagua mambo matatu au manne tu. Chakula, mali, mapato na amani ya moyo yanatosha kwa mpango mwingi.

Kiasi na mpangilio wa malipo ndivyo vinavyoamua utarajie nini. Wazee wanaolipwa na Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa msaada wa pesa, hupata Ksh 2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho kimekaa palepale kwa zaidi ya miaka 10 huku bei ya unga ikipanda. Ukienda kutafuta biashara mpya kwa mzee wa miaka 78 anayelipwa pesa hizo, unamwonea. Tafuta dawa alizonunua, deni la dukani lililopungua, siku ambazo hakulala njaa.

Kwa upande mwingine, shirika la GiveDirectly lilipotoa Ksh 25,200 kwa baadhi ya kaya za Rarieda na Ksh 95,200 kwa nyingine kati ya 2011 na 2013, watafiti walipiga kura ya bahati pia juu ya nani alipwe kidogo kidogo kila mwezi na nani alipwe kwa mkupuo. Waliolipwa kila mwezi walipata nafuu zaidi ya chakula. Waliolipwa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu, mabati yakiwemo. Utafiti mwingine mkubwa, ulioanza 2018 katika vijiji 295 vya Siaya na Bomet, ulileta picha inayofanana: baada ya takriban miaka miwili, waliopewa mkupuo, na wale walioahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, walianzisha biashara zaidi kuliko walioahidiwa ya miaka miwili tu. Kwa hiyo andika matarajio yako kulingana na mpango ulio nao, usinakili ya mpango wa mwingine.

Ukishaandika, weka tarehe, kila mhusika atie sahihi, na karatasi hiyo isiguswe. Itakulinda siku matokeo yatakapotoka na mtu akataka kuchagua yale mazuri tu.

Hatua ya 2: Tafuta watu wa kulinganishwa nao

Hapa ndipo tathmini nyingi huanguka, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Njia inayotumiwa sana ni ya kabla na baada. Unawahoji wapokeaji mwezi wa Aprili, unawalipa, unawahoji tena Septemba, unakuta wanakula milo mitatu badala ya miwili, unaandika ripoti ya furaha. Lakini Siaya na Busia, Aprili ghala ni tupu na mahindi bado ni machanga shambani, Septemba yameshavunwa. Karibu kila mtu kijijini hula vizuri zaidi Septemba, aliyelipwa na asiyelipwa. Umepima mvua.

Njia nyingine ni kulinganisha waliopata na waliokosa. Nayo ina mtego wake. Waliopata walichaguliwa kwa sababu fulani: nyumba ya nyasi, ujane, ulemavu, au kufahamiana na mzee wa kijiji. Makundi hayo yalitofautiana kabla ya pesa, na yataendelea kutofautiana baada ya pesa.

Kinachoondoa mitego hiyo yote ni kura. Kura haimjui mchapakazi, haimjui shemeji wa chifu. Ukipiga kura kati ya vijiji vya kutosha, makundi mawili yatafanana kwa wastani katika kila kitu, hata katika yale usiyoweza kuyapima, na tofauti itakayojitokeza baadaye itakuwa imetokana na pesa. Mexico ilifanya hivyo kwa mpango wake wa Progresa ulioanza 1997, katika jamii 506, na data zake ndizo zilizowashawishi wengi kwamba mpango wa serikali unaweza kupimwa kwa uaminifu.

Wengine huona kura kuwa ukatili. Nawaelewa. Kumnyima mtu pesa zilizopo ili upate takwimu ni kosa, na sitakuambia ufanye hivyo. Lakini mara nyingi pesa hazitoshi wote mwaka huu. Una vijiji 60 na bajeti ya 30. Mtu fulani atasubiri, upende usipende. Kinachobaki ni nani aamue. Kura ya hadharani ni ya haki kuliko orodha iliyoandikwa ofisini. Waahidi wanaosubiri kwamba zamu yao ni awamu ya pili, uwape tarehe, na uitimize. Hadi siku hiyo, wao ndio kundi lako la kulinganisha.

Kura yenyewe fanya hivi. Andika majina ya vijiji kwenye karatasi za ukubwa mmoja, zikunje sawasawa, ziweke kwenye ndoo inayoonekana na wote. Mtoto au mama aliyechaguliwa na umati achomoe, jina lisomwe kwa sauti, liandikwe papo hapo, na wazee pamoja na naibu wa chifu watie sahihi. Ukitumia kompyuta, hifadhi programu na namba ya kuanzia ili mtu mwingine aweze kurudia kura hiyo na kupata majibu yaleyale.

Nasisitiza vijiji, si watu binafsi. Pesa haikai kwenye boma moja. Anayelipwa humwita fundi wa jirani, hununua kuku wa jirani, hulipa deni la jirani. Ukilinganisha nyumba mbili zinazotazamana, mmoja amelipwa na mwingine hakulipwa, wote wawili wameguswa. Busia walilijua jambo hili mapema. Jaribio la dawa za minyoo lililoanza 1998 katika shule 75 za Budalang'i na Funyula lilionyesha kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa sababu minyoo ilipungua kwa wenzao. Aliyelinganisha watoto ndani ya shule moja angesema dawa haina faida kubwa.

Rarieda nayo ina funzo gumu zaidi. Watafiti waliporudi baada ya takriban miaka mitatu, jibu lilitegemea walimlinganisha mpokeaji na nani. Akilinganishwa na wasiopokea wa kijiji chake, mpokeaji alionekana bora kwa mambo mengi. Akilinganishwa na kaya za vijiji vya mbali ambavyo havikuguswa kabisa, mali yake bado ilikuwa imezidi, lakini katika matumizi ya kila siku tofauti haikuwa wazi. Watu ni walewale, mwaka ni uleule, hadithi mbili. Hii ndiyo sababu kundi la kulinganisha linastahili siku nyingi za mabishano kabla hujaandika hata swali moja la hojaji.

Na kama kura haiwezekani? Pesa za wazee hulipwa kuanzia miaka 70, kwa hiyo mtu wa miaka 69 na wa 71 wanafanana sana isipokuwa kwa malipo. Walinganishe wale walio karibu na mpaka huo. Lakini tahadhari: vitambulisho vya wazee wetu wengi vina mwaka wa kuzaliwa uliokisiwa, na utaona miaka yenye tarakimu za mviringo imejaa kupita kiasi. Kagua hilo kwanza. Kama nalo halifai, tafuta vijiji vinavyofanana na vyako, vipime kabla na baada pamoja na vyako, na ukiri kwenye ripoti kwamba ushahidi wako ni dhaifu kuliko wa kura.

Hatua ya 3: Hesabu unahitaji kaya ngapi

Usianze na “tuwahoji mia”. Tumia kanuni ya haraka ambayo wanatakwimu huitumia: gawa mkengeuko wastani, yaani kipimo cha jinsi kaya zinavyotawanyika mbali na wastani, kwa badiliko dogo kabisa ambalo ungependa kuligundua, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 16.

Tuchukue namba za mfano. Kaya zinatumia wastani wa Ksh 12,000 kwa mwezi, mkengeuko ni Ksh 8,000, na unataka uweze kugundua ongezeko la Ksh 2,000. 8,000 kwa 2,000 ni 4. 4 mara 4 ni 16. 16 mara 16 ni 256. Unahitaji kaya 256 katika kila kundi.

Lakini hiyo ni kama kura ilipigwa kwa kaya moja moja. Umepiga kwa vijiji, na watu wa kijiji kimoja hufanana: mvua moja, soko moja, barabara moja. Ukihoji kaya 10 kwa kijiji na kiwango cha kufanana (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa) kikiwa 0.1, zidisha 256 kwa 1.9 (toa 1 kwenye kaya 10 upate 9, zidisha kwa 0.1, kisha jumlisha 1). Unapata takriban kaya 487, sawa na vijiji 49 kwa kila kundi. Kuongeza kaya ndani ya kijiji kilekile hakusaidii sana, ongeza vijiji. Na kama huna uwezo wa vijiji vingi hivyo, sema mapema kwamba utaweza kugundua mabadiliko makubwa tu. Ni heshima zaidi kufanya uchunguzi mdogo wa mahojiano marefu kuliko kutangaza kwamba pesa “hazikusaidia” kumbe hukuwa na macho ya kuona.

Hatua ya 4: Vibali, kisha baraza

Utafiti nchini unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, na idhini ya kamati ya maadili. Chuo Kikuu cha Maseno kina kamati kama hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama unakusanya majina 50 kwenye daftari. Tenganisha majina na majibu, ufunguo wa kuviunganisha ushikwe na mtu mmoja. Ofisi za kaunti na za chifu zijulishwe kwa barua.

Baraza usilifanye la kutimiza wajibu tu. Shirika lile la GiveDirectly, lililofanya kazi Siaya bila shida kubwa, lilipoingia Homa Bay mwaka 2015, karibu asilimia 45 ya kaya zilikataa pesa. Watu walijiuliza ni nani anatoa pesa za bure bila masharti, na uvumi wa mambo ya kishetani ukaenea. Sidhani watu hao walikosea kushuku. Mgeni anayekuja na pesa na maswali ya chumbani anadaiwa maelezo. Waeleze pesa zinatoka wapi, zitakwisha lini, kwa nini kijiji hiki na si kile, na nani wa kupigiwa simu pakiwa na malalamiko. Mpe mchungaji, kiongozi wa kina mama na mhudumu wa afya ya jamii nafasi ya kuuliza mbele ya watu.

Idhini ya mtu mmoja mmoja huchukuliwa nyumbani, si barazani. Muhoji asikimbie ukurasa huo. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

“Mwanangu, nikikataa maswali yako, jina langu litatolewa kwenye pesa?”

“Hapana, mama. Pesa ziko kando na maswali haya. Ukisema hapana sasa hivi nitakushukuru niende, na hakuna kitakachobadilika.”

Kama muhoji hawezi kusema hivyo kwa ukweli, mpango wako una kasoro, na inapaswa kurekebishwa kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Tunga hojaji inayoijua nyumba ya huku

Anza kwa kuamua kaya ni nini. Katika boma lenye wake watatu, kila mke ana nyumba yake na jiko lake. Ukimhesabu mzee na wake zake kuwa kaya moja, umewafanya watu 15 wagawane malipo ya mmoja. Kipimo kinachofaa ni wanaokula chungu kimoja. Andika pia kijana aliye Nairobi anayetuma pesa, bila kumhesabu kuwa mkaazi. Utataka kujua kama alipunguza kutuma baada ya mama yake kuanza kulipwa na mpango.

Matumizi ndicho kipimo bora cha umaskini kwetu, kwa sababu mapato ya shamba na vibarua hayana mshahara wa kusoma kwenye karatasi. Uliza chakula kwa siku 7 zilizopita, sabuni, usafiri na vocha kwa siku 30, karo na nguo kwa miezi 12. Uliza kwa vipimo vya watu: gorogoro la mahindi, fungu la sukuma, mkebe wa makaa. Kisha nenda sokoni na mizani upime kila kipimo, kwa sababu gorogoro la soko moja linaweza kubonyezwa kitako likawa dogo kuliko la soko jingine. Chakula kilichotoka shambani kihesabiwe kwa bei ya soko hilo. Ukikisahau, wakulima wataonekana maskini kuliko walivyo.

Matanga yawe na sehemu yake. Mazishi Nyanza na Magharibi yanaweza kumeza akiba ya mwaka, na michango huenda pande zote mbili. Uliza familia ilichanga kiasi gani kwa wengine na ilichangiwa kiasi gani. Vivyo hivyo chama na mkopo wa dukani. Mpokeaji ambaye matumizi yake hayakupanda huenda alilipa madeni yaliyokuwa yakimnyima usingizi, na hiyo ni faida kamili.

Kuhusu pombe, wafadhili watauliza. Katika utafiti wa Rarieda matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka, na tafiti za nchi nyingine zimepata vivyo hivyo mara kwa mara. Ukilazimika kupima, usimwulize mtu uso kwa uso kama anakunywa chang'aa. Nusu ya wahojiwa, waliochaguliwa kwa kura, wasomewe orodha ya mambo manne ya kawaida na waseme ni mangapi waliyafanya wiki hii, bila kusema yapi. Nusu nyingine wasomewe orodha hiyohiyo ikiwa na jambo la tano: kununua pombe. Tofauti ya wastani wa majibu ya makundi hayo mawili ndiyo sehemu ya watu walionunua, na hakuna aliyefichuliwa.

Mume na mke wahojiwe mbali mbali, mke na muhoji wa kike. Uliza nani huamua juu ya pesa, na uliza furaha na wasiwasi. Rarieda ilionyesha kwamba afya ya akili ya wapokeaji iliimarika, na kwa maoni yangu hilo lina uzito sawa na mabati. Maswali ya ukatili wa nyumbani yaulizwe tu kama umewafunza wahoji, pana faragha ya kweli, na una mahali pa kumpeleka anayehitaji msaada. Nambari 1195 ya ukatili wa kijinsia haitozi malipo. Kila muhoji aijue kwa moyo.

Kama mpango wako ni mkubwa, rekodi pia uzazi na vifo vya watoto wachanga, kwa upole mkubwa. Matokeo yaliyotolewa 2025 kutoka Siaya, kwenye vijiji vilivyopewa pesa miaka ya nyuma, yalionyesha vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vikipungua kwa karibu nusu, hasa mama alipopata pesa karibu na wakati wa kujifungua na kituo cha afya kikiwa si mbali. Hakuna aliyeanzisha utafiti ule akitarajia jibu la ukubwa huo. Lilipatikana kwa sababu kuna waliorudi kuuliza.

Hatua ya 6: Msimu, siku na wahoji

Mahojiano ya kwanza na ya mwisho yafanyike mwezi uleule, na makundi yote mawili yahojiwe wiki zilezile. Kama mpango wako unafika pia Nakuru au Trans Nzoia, kumbuka kwamba huko mahindi huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Kalenda ya Siaya haitakufaa.

Jumamosi epuka: ni matanga, na kwa Wasabato ni ibada. Siku ya soko utakuta watoto nyumbani. Ajiri wahoji wanaozungumza Dholuo, Kisamia au Kibukusu kulingana na eneo, lakini wasitoke kijiji kilekile wanachokihoji, maana hakuna anayetaja deni lake mbele ya mpwa wa jirani. Hojaji itafsiriwe kwa maandishi, kisha mtu mwingine aitafsiri tena kwa Kiswahili bila kuona ya kwanza, ili muone palipopotea. Kila siku, msimamizi arudie maswali machache kwa kaya moja katika kila kumi.

Hatua ya 7: Wafuate waliohama na waliokataa

Chukua nambari tatu za simu kwa kila kaya: ya mhojiwa, ya ndugu, ya jirani. Kijana aliyetumia pesa kwenda kujifunza useremala Eldoret ndiye huenda mpango ulimsaidia kuliko wote, na ukimwacha kwa sababu hayupo nyumbani, matokeo yako yamepinda. Ripoti ni wangapi hawakupatikana katika kila kundi. Kama kundi moja limepoteza wengi kuliko jingine, sema wazi.

Waliokataa pesa wabaki katika kundi walilopangiwa na kura. Ni vigumu kwa wengi kukubali hili, lakini ukiwaondoa unabaki na wale waliokuwa tayari kuthubutu, na hao hawafanani tena na kundi la kulinganisha.

Hatua ya 8: Hesabu tofauti

Tuseme, kwa mfano tu, kundi lililolipwa lilipanda kutoka Ksh 9,500 hadi Ksh 12,000 kwa mwezi. Ni ongezeko la 2,500. Kundi lililosubiri lilipanda kutoka Ksh 9,300 hadi Ksh 10,600, yaani 1,300. Ukitoa, athari ya pesa ni Ksh 1,200, si 2,500. Rekebisha thamani kulingana na mfumuko wa bei kama muda umepita, na mwambie mtakwimu kwamba kura ilipigwa kwa vijiji ili akokotoe ukingo wa makosa ipasavyo, yaani toka wapi hadi wapi athari ya kweli huenda iko. Kama ukingo huo unaanzia hasara ndogo hadi faida kubwa, uandike wote, usitaje katikati pekee.

Hatua ya 9: Toka nje ya kaya

Kila mwezi, kusanya bei za bidhaa 15 hivi kwenye masoko ya pande zote mbili. Hofu ya kawaida ni kwamba pesa za bure zitapandisha bei. Siaya ilipimwa kwa ukubwa ambao haujaonekana kwingi: vijiji 653, kaya zaidi ya 10,500 zikapewa takriban dola 1,000 kila moja, pesa zilizozidi asilimia 15 ya uchumi wa eneo hilo. Bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Matumizi ya kaya zisizolipwa yalipanda karibu sawa na ya zilizolipwa, na kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za takriban dola 2.5 katika uchumi wa huko.

Wahoji basi wenye maduka, mafundi, wasagaji wa posho na wa bodaboda. Wahoji pia majirani wasiolipwa, na usiwaulize juu ya pesa peke yake. Rarieda iliwahi kuonyesha kwamba jirani akipokea, asiyepokea anaweza kuridhika na maisha yake kwa kiasi kidogo kuliko zamani, hata kama hakupoteza shilingi. Mpango unaoacha chuki kijijini unapaswa kulijua hilo mapema, labda ubadilishe namna ya kuchagua, au ulipe kijiji kizima.

Hatua ya 10: Rudisha matokeo kijijini

Kabla ya ripoti kwenda kwa mfadhili, ipeleke barazani. Soma tofauti uliyoipata kwa shilingi, kwa lugha ya hapo, kisha uulize: je, hivi ndivyo mlivyoona? Watakuambia sababu ambazo namba hazikuonyesha: kwamba mafuriko yaliharibu upande mmoja, au kwamba kundi la kusubiri lilikopa kwa kutegemea malipo yajayo. Yaandike maelezo hayo kwenye ripoti kama yalivyosemwa. Acha nakala kwa chifu na kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo, na siku hiyohiyo, mbele ya wote, waliosubiri wasomewe tarehe yao ya kulipwa.